Harufu ya Bwawa

Kitana kilipita utosini mara moja tu, kikatoka kimejaa nywele zangu. Dada alizichomoa kwenye meno ya kitana, akaziweka kiganjani, akaenda nazo mlangoni penye mwanga. Zilikuwa vipande vipande, ncha zake zina rangi ya kutu.

"Hizi hazijang'oka," alisema. "Zimeungua."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakazama kwenye simu zao.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kichwa changu kilikuwa bango la saluni ya dada. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, na nywele zile alizikuza kwa mikono yake mpaka zikagusa mabega. Picha yangu ilibandikwa dirishani. Wanawake waliingia wakisema, "Nitengeneze kama huyo mdogo wako." Kwa hiyo siku aliponikataza kuogelea hakupoteza maneno. "Maji yale yana dawa," alisema, nami nikaitikia.

Kumbe kwa miezi miwili nilikuwa nikitoroka chuo kila Jumanne na Alhamisi kwenda bwawani. Nchi kavu mwili wangu haukutulia. Nikikaa, mguu unatikisika. Nikilala, shuka linaishia sakafuni. Nikishazama tu, kelele zote za kichwani zinakatika. Mwalimu wa kuogelea alikuwa akituandaa kwa mtihani wa uokoaji, na nafasi ya kazi pale bwawani ilikuwa moja. Leo nina mwaka wa kumi na moja kwenye kazi hiyo, na bado nikivuta harufu ya klorini asubuhi namkumbuka mtu niliyemwachia msalaba wangu.

Dada aligeuka kumtazama Mama Povu. Huyo ndiye aliyeosha vichwa vya wateja, mama wa makamo, mpole, ambaye mikono yake haikuwahi kukauka. Wiki mbili nyuma ndiye aliyenipaka dawa ya kulainisha nywele.

"Uliiacha kichwani dakika ngapi?"

"Kumi na mbili. Kama ulivyoniambia."

"Haiwezekani."

Mama Povu alinitazama kupitia kioo, kitambo kirefu kidogo kuliko kawaida, kisha akashusha macho kwenye sinki. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Jioni ileile dada alimwachisha kazi. Alitia aproni na kandambili zake kwenye mfuko, akaondoka, baada ya miaka sita.

Siku zilizofuata sikujua pa kujiweka. Nilifagia saluni mara tatu asubuhi moja. Nilitoka kwenda kununua sabuni, nikarudi mikono mitupu, nikatoka tena. Alhamisi nilikaa ukingoni mwa bwawa na nguo zangu mwilini mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Dada sasa aliosha vichwa mwenyewe, mgongo unamuuma, na kila jioni alinikalisha akanipaka mafuta ya uvuguvugu kwa upole ulioniumiza kuliko kofi.

Ijumaa nikaulizia njia, nikafika kwa Mama Povu, chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli. Alikuwa anaanua nguo.

"Ni mimi," nilimwambia. "Ni maji ya bwawa."

"Siku hizi salamu zimefutwa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikunja shuka, akalilaza begani. "Najua. Kichwa kikimwagiwa maji ya moto, harufu inapanda. Nimeinusa kwako mwezi mzima."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akanivutia kigoda, akaniinamisha juu ya beseni. Vidole vyake vilikuwa havina haraka.

"Nywele zina kiu," alisema. "Ukiingia bwawani zikiwa kavu, zinakunywa dawa yote. Zinyweshe kwanza maji ya bomba mpaka zishibe, zipake mafuta, ndipo uvae kofia. Ukitoka, usianze kupiga soga. Suuza palepale. Na shampuu kali ya kuondoa klorini iwe mara moja kwa wiki, usizikaushe bure, halafu uzilainishe vizuri."

"Na dada je?"

"Huyo hana shampuu yake," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo.

Nilimwambia dada Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua mlango wa saluni. Alinisikiliza mpaka mwisho, funguo mkononi. Nilingoja anifokee.

"Mtihani ni lini?"

"Jumatatu."

"Ingia. Kaa."

Akachukua mkasi. Alikata kila kilichoungua mpaka zikabaki urefu wa kucha. Alipomaliza, alibandua picha yangu dirishani, akaitia kwenye droo, akafunga saluni siku ambayo wateja huwa wengi kuliko zote.

"Nipeleke kwake," alisema.

Mama Povu alimpokea vizuri, lakini hakukubali kurudi. "Nimeshaanza ya kwangu hapa," alisema, akionyesha benchi na mabeseni matatu yaliyopangwa ukutani. Dada alitikisa kichwa kukubali. Alisimama pale anaivutavuta kamba ya mkoba wake. Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi, nilimsikia akiyajaribu njia nzima.

"Na wewe," Mama Povu aliuliza, "kichwa chako nani anakiosha?"

"Hakuna."

Dada akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa chache, zimeingia mvi pembeni. Sikuwa nimeziona kwa miaka. Akakaa kwenye kigoda, akainama.

"Maji yana moto?" Mama Povu aliuliza.

"Yako sawa," dada alijibu, sauti ikitokea ndani ya beseni.

Mama Povu akaendelea kummiminia, taratibu, akimkinga sikio kwa kiganja.