Kifurushi cha Kyaka

Mwalimu Datius nikikutana naye leo nitamwambia yaleyale niliyomwambia Mutukula, na safari hii nitaongeza. Watu wa Muleba wananishauri nimsamehe, eti yameisha, eti mama yangu mwenyewe ameshasamehe. Mama asamehe, ni haki yake. Mimi bado.

Nianze na mama. Anaitwa Kokubanza, ana miaka sabini na tisa, na maisha yake yote hajawahi kuomba kupelekwa popote zaidi ya kanisani, hospitali, na mahali pengine pamoja tu. Baba yetu, mzee Karugendo, alipotea ziwani miaka thelathini na moja iliyopita. Alikuwa mtu wa kibanja, wa migomba na kahawa, maji hakuyazoea. Alikwenda visiwani kumtembelea mdogo wake aliyehamia huko kuvua, na wakati wa kurudi mtumbwi ukapinduka. Wenzake watatu walipatikana. Yeye hakupatikana, na hatukuzika kitu.

Baadaye mtu mmoja akamwambia mama kwamba ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, uko Jinja, Uganda, na kwamba maji yote yanapita hapo kwenda Misri. Basi! Tangu siku hiyo mama akawa na neno moja. "Nipelekeni nikauone huo mlango. Kama alitoka, alitokea pale. Nina maneno ya kumwambia."

Kwa hiyo Mwalimu Datius, mwalimu mstaafu anayependa kupanga safari, alipotangaza kwamba kikundi chetu cha parokia kitakwenda kutalii Uganda, tuone ikweta, tulale Kampala, kesho yake twende Jinja, nilikuwa wa kwanza kuandikisha majina mawili. Mimi pasipoti ninayo. Mama hakuwa na kitu. Nikahangaika mwezi mzima kumtafutia hati ya dharura ya kusafiria. Barua ya kijiji, picha, cheti cha ubatizo, mara jina limekosewa, mara picha anaonekana amefumba macho. Kutoka Muleba kwenda Bukoba nilikwenda mara nne. Siku ilipotoka, mama aliishika kwa mikono miwili akaniuliza kama picha ile ni yeye kweli, mbona amezeeka hivyo.

Usiku wa kuamkia safari akafanya mambo yake. Hati akaikunja mara nne, akaifunga kwenye jani kavu la mgomba, akalikaza kwa kamba ya mgomba, akaiweka kwenye kikapu. Nikamwambia, "Mae, hiyo si kahawa! Weka kwenye pochi."

"Pochi inaingia maji," akasema. "Jani haliingizi. Mama yangu alifungia humu kila kitu."

Na kweli, kikapu chenyewe kilijaa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, imefungwa vifurushi kwa majani yaleyale na kamba ileile. Kwetu Mhaya hatoki kwenda ugenini mikono mitupu. Nilibishana naye mpaka nikachoka, nikalala nimenuna.

Tuliondoka Muleba alfajiri kwa basi dogo la kukodi. Stendi ya Bukoba tukawachukua waliobaki, tukawa ishirini na wanane. Hapo Mwalimu Datius akasimama mbele na mkoba wake mweusi. "Ndugu wasafiri, hati zote nipeni mimi. Nitazishika kwa pamoja ili asije mtu akapoteza tukachelewa."

Wote tukatoa, na mimi nikatoa pasipoti yangu. Mama akakumbatia kikapu.

"Mama Kokubanza, na yako."

"Ya kwangu nimeishika."

"Ni utaratibu, mama."

"Waitu Mwalimu, jina lililomo ni langu, na sura ni yangu. Ataishika mwenye sura."

Basi zima likacheka. Mimi nikaona aibu, nikamnong'oneza asitutie aibu mbele za watu. Mwalimu akafunga mkoba wake kwa mbwembwe, akasema wazee wana shida.

Tulipofika Kyaka, karibu na daraja, basi likasimama watu wajisaidie. Penina, mke wa binamu yangu, anauza ndizi pale barabarani. Akamwona mama dirishani, akaja mbio, akapiga magoti palepale kwenye vumbi kumsalimia. Salamu za Kihaya hazina haraka. Mama akauliza watoto, akauliza kibanja, akauliza mgonjwa fulani wa Kanazi. Dereva akawasha gari. Mwalimu akapiga makofi, "Twende, twende, salamu mtamalizia kwenye simu!" Mama akaniambia nimpe Penina kifurushi, asirudi bure. Nami kwa hasira za kuharakishwa nikatia mkono kikapuni bila kuangalia, nikavuta kilichokuwa juu, nikamrushia Penina dirishani huku basi linaondoka.

Mnaona kilichotokea. Mimi sikuona.

Mutukula, mpakani, tulifika saa nne asubuhi. Wenzetu wakapanga foleni, Mwalimu akawagawia hati zao mmoja mmoja wakifika dirishani na kuzikusanya tena wakishagongewa muhuri. Mimi nikampeleka mama kwanza. Nyuma ya kioo alikuwa binti wa uhamiaji, mpole, nywele amesuka vizuri. Mama akatoa kifurushi chake cha jani, akakisukuma chini ya kioo kwa heshima zote.

Yule binti akafungua kamba. Kahawa ikamwagika mezani.

"Mama, asante," akasema, "lakini naomba hati."

Watu wakacheka. Mama akafungua kifurushi cha pili, kahawa. Cha tatu, kahawa. Tukafungua vyote palepale sakafuni, na ndipo Kyaka iliponijia kichwani. Mungu wangu!

"Afande," nikamwambia yule binti, "huyu ni mama yangu. Hati yake iko Kyaka, nimeigawa mimi kwa makosa."

"Nakuamini, mama. Lakini mashine haitaniamini mimi."

Hapo nikawaka. Si kwake, yeye alikuwa kazini. Niliwaka kwa jambo zima. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, watu wa upande wa pili wanasema maneno yaleyale anayoyasema yeye, ndizi ni zilezile, mvua inayowanyeshea ni ileile, na kuku pale nje wanavuka na kurudi hakuna anayewauliza. Yeye aambiwe hawezi kwenda kusema neno kwa mume wake kwa sababu ya karatasi! Nikayasema yote hayo kwa sauti, na foleni nzima ikasikiliza.

Penina simu haipokei. Nikapiga mara sita. Ya saba akapokea, anacheka. "Yuster, mbona kahawa yenu nyembamba?"

"Fungua! Fungua sasa hivi!"

Nikasikia jani likichanika. Kisha akamaka kwa Kihaya, "Mawe! Ni sura ya mama."

Akamkabidhi dereva wa bodaboda anayemfahamu. Nikamkimbilia Mwalimu, nikamwambia hati inakuja, dakika arobaini tu.

Akaangalia saa. "Yuster, mwongozaji anatusubiri Kayabwe kwenye ikweta. Chakula kimeagizwa. Siwezi kuwaweka watu ishirini na sita juani kwa ajili ya kikapu."

"Kikapu? Umesema kikapu?"

"Nilisema mapema, hati zote nipeni mimi. Angenipa, yangetokea haya?"

Jamani. Nilimwambia mtu yule maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya katekista. Nikamwambia anawakimbiza watu wakapige picha na mstari, anamwacha mjane njiani. Nikawageukia wenzangu, watu tunaosali benchi moja, nikawauliza nani anashuka tusubiri pamoja. Skolastika, niliyemshika mkono siku ya msiba wake, akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyefungua mdomo. Mlango wa basi ukafungwa, likaondoka, na mimi nikalifuata hatua kadhaa nikilipigia kelele mpaka nikakosa pumzi.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, anaokota kahawa moja moja, anazirudisha kwenye majani. "Umemaliza?" akaniuliza.

Bodaboda alifika kwa dakika thelathini na tano. Thelathini na tano! Mama akaipokea hati, akaipangusa na kitenge, akaenda dirishani. Akaweka vidole walipomwambia, akatazama kamera, safari hii macho wazi. Muhuri ukagongwa. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nikapiga vigelegele mle ndani, askari akanikataza, sikujali.

"Haya, na wewe mama," yule binti akaniambia. "Pasipoti."

Nikaingiza mkono kwenye pochi. Nikatafuta. Nikaishia kusimama tu na mkono ndani.

Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba mweusi, na mkoba ulikuwa umeshavuka.

Nilimpata Mwalimu kwenye simu, walikuwa Kyotera wanajaza mafuta. "Eh! Kumbe kweli, iko humu," akasema. Kumbe kweli! Nikamwambia airudishe. Akasema gari ni la kukodi, hawezi kugeuza, labda aipe gari linalokuja huku, jioni nitakuwa nayo. Lakini mama akipata gari la Masaka sasa hivi, watamsubiri pale ikweta, ameapa. Wenzake walikuwa wanamzomea nyuma, nikawasikia. Walikuwa wamepata midomo, sasa.

Nikakata simu. "Mae, turudi. Au tukae mpaka jioni. Nitakupeleka mwenyewe, siku nyingine, bila hawa washenzi."

Mama akanitazama. "Siku nyingine ipi? Hati hii ina siku ngapi? Na mimi nina siku ngapi?"

"Hutakwenda peke yako!"

"Lugha yao naisikia. Na karatasi ninayo." Hakusema kwa kunikomoa, na ndiyo maana iliniuma.

Upande wa pili, hatua chache tu, gari la Masaka lilibakiza nafasi moja, mbele, karibu na mtawa mmoja mzee ambaye tayari alikuwa anamsalimia mama kwa mbali. Nilimsindikiza mpaka aliponyoosha mkono askari, hapo ndipo mwisho wangu. Nilikuwa nalia kwa hasira, namtukana Datius, naitukana ile kamba ya mgomba, najitukana mimi.

Mama akatia mkono kikapuni, akatoa kifurushi, akakinusa kwanza, akaniwekea kiganjani. "Hiki ni kahawa. Nimehakikisha. Tafuna, utulie."

Kisha akavuka. Baada ya hatua mbili tatu akageuka, na akasema kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Nitamwambia baba yako kwamba ulifika mpaka Mutukula."