Kichwa ya Munkoyo

Ile asubui nilikuwa nafukula mizizi ya munkoyo mu lupango yetu, moya moya, kuangalia kama imeota. Haikuota. Ilikuwa inaoza, inapasuka mu mikono kama muhogo ya kuloweka.

Mama akatoka na ndoo. "Mwalimu wa mashamba, sasa bantu batakunywa nini?"

Nikainama tena ku mizizi. Miye sijibuke bantu sana. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Mama anapikaka munkoyo, anauzishaka ku soko ya Kenya, hapa mu mji yetu. Bila ile muzizi, uji ya mahindi haigeuke kinywaji tamu, inabakia uji tu. Na ile muzizi inatokaka ku milima ya Kundelungu, inaota yenyewe, hakuna muntu anaipanda. Tangu vita ya ONU, ile Umoja wa Mataifa, mu mwezi wa tisa, basoda bamefunga barabara na hakuna anatuletea. Mama alibakia na fungu moya. Miye njo nilimuomba nusu yake nipande, akanipa.

Jirani yetu, jina yake Mujinga, alikuwa anaangalia juu ya kipango ya matete. "Si nilikuambia? Ile ni kintu ya mulima. Weye unaimwangia mayi kama salade ya ba-soeur ba misioni."

"Nilifikiri inataka mayi," nikasema.

"Sema juu. Kuku tu njo banakusikia."

Nikachukua muzizi moya, nikaupangusa. Ulikuwa umekatwa na kisu ku pande zote mbili. Nikamuonesha mama. "Sababu gani banakata na huku juu?"

"Ile ni kichwa. Faustin kaka yangu kule ku Kundelungu akichimba, anakata kichwa, anairudisha mu shimo, anafunika. Mwaka ingine inaota tena. Njo vile munkoyo haiishake ku mulima."

"Na kichwa hailetwake mu mji?"

"Hata siku moya. Kwao kubeba kichwa ni kuiba mulima."

Mujinga akacheka mpaka akashika kipango. "Kumbe ulizika bantu ba kufa, ukangoja bafufuke."

Nikakaa pa udongo kidogo. Halafu nikasimama. "Nitamuomba Tonton Faustin kichwa."

"Atakataa," mama akasema.

"Akatae yeye mwenyewe."

"Mama Adolphine," Mujinga akasema, "mutoto yako iko na kinywa kumbe."

Casimir, chauffeur wa camion ya samaki, iko na laissez-passer, karatasi ya kupita pa barrière ya basoda, anapitaka kijiji ya Tonton. Siku zote nikimuona ku soko ninapitaka nyuma ya meza za dagaa. Ile siku nilienda mbele yake.

"Umwambie Tonton anipe vichwa mbili. Na udongo yao, asiioshe."

"Vichwa? Mu hii wakati? Soda akinisikia pa barrière natafuta vichwa, atakata yangu."

"Ya munkoyo, Papa Casimir. Mwambie pia, mbegu ya kwanza nitairudisha ku mulima, yote. Halafu rudilia maneno yangu nisikie."

Alirudilia, alisahau mbegu. Nikamurudilisha tena. Bamama ba dagaa banaangalia, uso yangu inawaka, sikuondoka.

Nikachimba mashimo mbili nyuma ya nyumba, pa udongo kavu. Nusu ya fungu yenye mama alibakia nayo imekwisha, na mutungi yake imegeuzwa chini.

Jana Casimir alirudi. Nilimufuata mpaka ku camion.

"Nilimwambia yote," akasema. "Na mbegu pia. Alinisikia mpaka mwisho. Halafu akachukua jembe yake, akapanda mulima. Nilipiga klakson, nikangoja. Hakushuka, lakini hakusema hapana."