Wifi, Goti na Skuta ya Majini

"Ya wazee hiyo," Mapezi alisema, akaipa mgongo skuta ya njano.

"Ya watu wenye akili," wifi yake akajibu. "Ndiyo maana huielewi."

Muuzaji aliyesimama katikati yao akiwa na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi aliangalia dari. Watu walimwita Bwana Dhamana kwa sababu kila kitu dukani mwake, kuanzia pampu ya kisima hadi bolti ya injini ya boti, alikiuza kwa kuapa kwamba kina dhamana, na hakuna aliyewahi kuiona dhamana yenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa amepanga skuta tatu za majini juu ya kaunta, zimekaa kama watoto wanaosubiri chanjo.

"Dada zangu, nianze tena," alisema. "Skuta unaishika hivi, unabonyeza hapa, propela inazunguka, inakuvuta. Miguu imelala. Kazi yako ni kuangalia samaki."

"Tunajua inavyofanya kazi," wote wawili walimjibu kwa pamoja, kisha wakaangaliana kwa chuki, kila mmoja akiona ameibiwa sentensi.

Miguu kulala ndiyo iliyowaleta. Mapezi alikuwa kiongozi wa wazamiaji katika kituo cha mume wake na dada wa huyo mume, yaani wifi yake huyu huyu. Jina la Mapezi alipewa na wageni kwa namna alivyokata maji: teke moja, na yuko mbele. Halafu akateleza kwenye ngazi ya boti, mtungi wa hewa ukiwa mgongoni, na kano za goti zikachanika. Daktari alimwambia kuzamia ruhusa, kupiga maji mateke marufuku, na asimwulize hadi lini. Tangu hapo alikaa kaunta akikodisha miwani na kusafisha vipande vya kupumulia vyenye mate ya watu asiowajua.

Wifi yake hakuzunguka alipotoa masharti. Kituo kitanunua skuta moja, ya bei ya kawaida, si zile za wanajeshi. Watakwenda kuijaribu wao wawili. Ikimwezesha Mapezi kuongoza wageni salama, atarudi kazini. Isipomwezesha, nafasi yake itachukuliwa na mtu mwingine, na atazoea kaunta. Mume wake alipoulizwa yuko upande wa nani, alisema ana injini ya kutengeneza. Injini yenyewe ilikuwa nzima.

"Hii nyeupe tuitoe kabisa," wifi alisema. "Hii ni ya kuchezea bwawani. Ukiishusha kwenye kina cha maana inaingia maji."

"Ina dhamana," alisema Bwana Dhamana.

"Na wewe una mdomo. Itoe."

Zikabaki mbili. Ya njano ilikuwa nene na fupi, ya mwendo mmoja tu, na bei yake ilikuwa chini. Nyeusi ilikuwa nyembamba, ina gia tatu, na Bwana Dhamana alikuwa ameipunguzia bei kwa sababu mnunuzi wa kwanza aliirudisha.

"Kwa nini aliirudisha?" wifi aliuliza.

"Alihama."

"Alihamia wapi, kaburini?"

Mapezi hakuwasikiliza. Alikuwa ameishika ile nyeusi, ameinyoosha mbele yake, na mikono yake ilikuwa imekwisha kuamua. Aliona tena maji yakimpita mashavuni. Aliona wageni wakiwa nyuma yake na yeye mbele, mahali pake.

"Hii," alisema.

"Ya njano inakwenda mwendo wa mtu anayepiga mapezi taratibu. Unahitaji nini zaidi?"

"Sema unataka ya njano kwa sababu ni rahisi. Sema tu, wifi. Hela za kaka yako zinakuuma kuliko goti langu."

"Goti lako linaniuma sana. Kila siku nalisikia likilalamika kaunta."

Bwana Dhamana alikohoa. Akasema wanaweza kuondoka na nyeusi, waijaribu, na ikiwashinda wairudishe na kuchukua nyingine, mradi isiwe na mkwaruzo hata mmoja.

"Haya, ibebe," wifi alisema. "Kesho utajua hujui, Mapezi."

*

Boti ilitia nanga juu ya meli ndogo ya mizigo iliyozama zamani na ambayo sasa ilikuwa kivutio cha wageni. Haikuwa mbali na uso wa maji, na siku ya maji maangavu kama hiyo ungeweza kuona kivuli chake kutoka botini. Nahodha, mtu mzima asiyependa kelele, alizima injini na kujipakulia chai kutoka kwenye chupa yake.

Mzamiaji haingii majini peke yake. Ana mwenzake, na kabla ya kuruka kila mmoja humkagua mwenzake kwa mikono: vifungo, hewa, mkanda wa uzito. Wageni wengine hufanya hivyo wakichekeana. Hawa wawili walikaguana kama askari wa mpakani.

"Inua mkono," wifi alisema, akavuta mkanda wa begani wa Mapezi hadi ukamkata pumzi.

"Ungetaka kuninyonga ungesubiri tufike chini. Huku juu kuna shahidi."

"Hewa umefungua?"

"Fungua macho uone geji." Mapezi alimgeuza wifi yake, akagonga mtungi wake kwa kiganja kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Wewe mzima. Kwa bahati mbaya."

"Mnashuka au mnaoana?" nahodha aliuliza.

Wakashuka.

Chini, maneno yaliisha, lakini ugomvi haukuisha, ulihamia mikononi. Wifi alishusha kiganja mara mbili: polepole. Mapezi alikunja kidole gumba na cha shahada kufanya duara la kukubali, akalifanya kwa jeuri, mithili ya mtu anayembamizia mgeni mlango. Wifi akanyoosha kidole kwenye macho yake, kisha kwa Mapezi, kisha kwake mwenyewe: uniangalie. Mapezi akatoa duara jingine. Kisha akabonyeza kitufe.

Skuta ilimnyakua. Alikuwa amesahau mwili wake una mwendo. Goti halikusema kitu, lilikuja nyuma yake kimya kama mzigo wa mtu mwingine. Alipita ubavu wa meli, akaona madirisha ya duara yakipita moja baada ya jingine, akaona kundi la samaki wadogo likipasuka katikati kumpisha. Akaweka gia ya pili. Mashine ilipiga mluzi masikioni mwake, na moyoni alimtukana wifi yake kwa furaha, matusi mazuri aliyokuwa ameyaweka akiba tangu siku ya kwanza ya kaunta. Akazunguka tezi, upande wa nyuma wa meli, akakata kona kwa bega moja. Akaweka gia ya tatu.

Aliangalia nyuma alipotaka mtu aone alivyokuwa akienda.

Hapakuwa na mtu.

Akaachia kitufe. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Aligeuka pande zote, akaangalia juu na chini. Maji matupu, na kutu. Alirudi alikotoka kwa gia ya kwanza, akizunguka tezi upande ule ule, na moyo ulianza kumpiga hadi akasikia pumzi zake zikikimbizana. Alifikiria nyavu zilizoachwa. Alifikiria mtungi ule aliougonga bila kuukagua vizuri. Wifi yake alikuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wake wa chini ya maji, na yeye alikuwa amemwacha.

Sheria anaijua hata mgeni wa siku ya kwanza: ukimpoteza mwenzako, mtafute kwa dakika moja, usipomwona panda juu, na yeye atapanda. Mkutane juu. Mapezi alitafuta dakika yake yote. Kisha akapanda taratibu, akijizuia kwa nguvu asikimbie, huku shingo ikizunguka kama feni.

Alitoboa uso wa maji, akatema kipande cha kupumulia. "Yuko wapi?"

Nahodha alionyesha kwa kikombe. "Pale penye bomba la moshi. Naona mapovu yake tangu muda. Hajasogea. Anapumua kama mtu aliyekaa kwenye kochi."

Hofu ilimtoka Mapezi mara moja, na kilichoingia badala yake kilikuwa moto mtupu.

*

Wifi alipopanda hatimaye, alivua miwani bila haraka.

"Ulijificha!" Mapezi alimrukia kwa sauti kabla hajakaa. "Mwanamke mzima, umejibanza nyuma ya bomba la moshi kama mtoto!"

"Nilikuita kwanza. Niligonga mtungi kwa kisu hadi mkono ukaniuma. Ulikuwa kwenye mluzi wa hiyo pikipiki yako, ungesikia nini?"

"Na ulipoona sisikii?"

"Nikashika chuma nikakaa. Nilitaka kujua utachukua muda gani kukumbuka kwamba nipo."

"Nilidhani umekufa!"

"Ulidhani hivyo ulipomaliza kufurahi." Wifi alifungua mkanda wake wa uzito, ukaanguka kwa kishindo. "Angekuwa mgeni je? Mama wa watu, mara yake ya pili majini, miwani imejaa maji, anatafuta kiongozi wake, kiongozi yuko gia ya tatu anapungia samaki mkono."

"Mgeni asingenijaribu kwa roho mbaya! Na mgeni angepanda juu. Mimi nilipanda. Wewe hukupanda. Umenipoteza, dakika imeisha, umekaa chini unapiga mapovu. Kama mtu hafai kuongoza wageni hapa, tuko wawili."

Wifi aligeuka kwa nahodha, kama mtu anayetafuta kiti.

"Usiniangalie mimi," nahodha alisema. "Mmoja kamwacha mwenzake, mwingine kajificha. Nikiulizwa na kaka yako nitasema hivyo hivyo. Na wageni siwapandishi kwenye boti hii, kwa yeyote kati yenu, mpaka mnionyeshe mnaweza kushuka wawili na kupanda wawili. Ni kazi ngumu hiyo?"

Akajimiminia chai tena. Mapezi aliitazama skuta nyeusi iliyolala miguuni pake ikichuruzika maji. Mashine nzuri. Haikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililomuuma: ilifanya kila alichoitaka ifanye.

"Hewa imebaki nyingi," alisema mwishowe, bila kumwangalia mtu. "Tupumzike, halafu tunashuka tena."

"Na nani?" wifi aliuliza.

"Na wewe. Kwani hapa kuna nani mwingine? Nahodha anakunywa chai."

Walipumzika hadi nahodha aliporidhika, wakakaa kila mmoja upande wake wa boti, wakiupa mgongo upande wa mwenzake. Kisha wakashuka.

Safari hii Mapezi hakugusa gia ya pili. Lakini hata ile ya kwanza ilikuwa kubwa kwa mtu anayepiga mapezi, na wifi, kwa makusudi kabisa, alipiga mapezi kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Mapezi alibonyeza, akaachia. Akabonyeza, akaachia. Alikwenda kwa kushtukashtuka kama gari la mwanafunzi wa udereva, mikono ikaanza kumuuma, na kila alipoachia aligeuka kuangalia nyuma. Wifi yuko. Anabonyeza, anaachia, anageuka. Wifi yuko, amesimama kuchunguza konokono asiye na lolote la ajabu. Mapezi alimsubiri. Alimsubiri akimlaani, lakini alimsubiri. Walizunguka meli nzima hivyo, kwa mwendo wa kuudhi, na kwa sababu mashine ilikuwa kimya muda mwingi kuliko ilivyonguruma, alisikia kila kitu: mapovu ya mwenzake, mchanga ukisogea, na mwishoni mlio mkavu wa kisu kwenye mtungi.

Aligeuka kabla pigo la pili halijasikika. Wifi alimwonyesha geji yake, kisha akainua kidole gumba: tupande. Mapezi alitoa duara. Lilikuwa duara la kawaida.

Wakatoboa maji mikono yao ikikaribia kugusana. Nahodha aliangalia, akahesabu vichwa, akarudi kwenye kikombe chake.

Ndani ya boti, Mapezi aliifuta skuta nyeusi kwa taulo, kila kona, akitafuta mkwaruzo. Hapakuwa nao.

"Nitairudisha kwa Bwana Dhamana," alisema. "Nichukue ya njano."

"Kumbe sasa unaitaka."

"Siitaki. Nitaitumia."

Wifi alikamua nywele zake, maji yakamwagika kwenye sakafu ya boti. Alikuwa na sura ya mtu anayemeza kidonge bila maji. "Jumamosi kuna wageni wawili. Mume na mke, waoga wote. Nimewaandika kwako. Saa mbili kamili uwe gatini, na ukimwambia kaka yangu habari ya bomba la moshi, nami nitamwambia habari ya gia ya tatu."

"Simwambii. Mwenyewe yuko na injini."

"Na usije na uso huo. Utawatisha wageni."

"Uso ninao mmoja tu, wifi," Mapezi alisema, akaanza kufungua vifungo vyake. "Ndio huo huo nitakaokuja nao."