Tone Lisilogeuka Zambarau

Pale machimboni Makongolosi, neno la Mwanakhamisi, mpima dhahabu, lilimaliza ubishi. Akishayeyusha mchanga wako kwenye asidi, alidondoshea tone la dawa yake, kloridi ya bati. Likigeuka zambarau, dhahabu ipo. Lisipogeuka, funga virago vyako.

Ijumaa ile dawa ilikuwa imebaki kidogo chupani, na swala ilikuwa inamkimbiza. Badala ya kutengeneza nyingine, akaiongezea maji ya bomba. Ikawa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Alijua fika kuwa maji matupu huiua dawa ile. Alijua pia kuwa hujaribiwa kwanza kwenye dhahabu isiyo na shaka. Akajitia hamnazo, akamwita mzee Lusekelo, aliyetumwa na wenzake wa shimo moja kuleta mchanga wao upimwe.

Tone halikugeuka.

"Mzee, hapa hamna kitu," akasema kwa sauti ya sokoni. "Wenzio wamekupa dhahabu, wewe umeniletea mchanga wa barabarani. Yao umeificha wapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Anyitike, mchimbaji mwenzake Lusekelo, hakucheka; alikwenda moja kwa moja shimoni kuwaambia wenzao. Kufikia jioni mzee alikuwa ameshafukuzwa shimoni kama mwizi.

Jumatatu Mwanakhamisi akatengeneza dawa mpya inavyotakiwa: vipande vya bati safi, si lile la kuezekea, ndani ya asidi, juu ya moto mdogo, mapovu yakipanda taratibu. Kipande kimoja akakiacha chini ya chupa ili dawa isiharibike upesi. Kuijaribu, akachukua maji ya manjano ya ule mchanga wa Lusekelo aliouyeyusha Ijumaa, ambayo kwa uvivu wake hakuwa ameyamwaga. Tone moja tu. Zambarau nzito, karibu nyeusi.

Aibu ikamshika hadi masikio yakawaka moto. Loo, ulimi ule! Shimoni hapakuwa mbali, na watu wote walikuwa kule. Yeye akapita uchochoroni, asionekane, hadi kwa Lusekelo. Akamkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Shikamoo, baba. Nimekukosea. Dawa yangu ndiyo iliyoharibika, niliitia maji. Dhahabu yenu ipo. Nisamehe."

Mzee hakuacha kufunga. "Marahaba. Kule shimoni umeshawaambia?"

"Bado, baba. Nimeanzia kwako."

"Sasa mimi unaniambia ya nini, mwanangu? Mimi nilishajua tangu Ijumaa kwamba sikuiba."