Kitambaa cha Ndani ya Mshono

Maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni, na Fundi alijua ana dakika kumi, labda kumi na tano binti yake akiamua kuimba. Aliigeuza sketi ya shule ndani nje, akaingiza ncha ya wembe kwenye mshono wa ubavuni, akaanza kufumua. Hii ilikuwa mara ya nne tangu mwaka wa shule uanze.

Kila fundi wa sare huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, upana wa vidole viwili, maana watoto hukua na wazazi hawapendi kushona upya. Kwa kitindamimba wake huyu wa miaka kumi na minne, Fundi aliacha vidole vitatu. Kila zipu ilipoanza kugoma, aliichukua sketi mtoto akiwa anaoga, akaitanua, akaipiga pasi alama ya mshono wa zamani ipotee, akairudisha kwenye msumari wake. Hakuwahi kusema neno. Mtoto naye hakuuliza. Aulize nini, na sketi inamtosha?

Leo wembe ulifika mwisho. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimekwisha, zimebaki nyuzi za ukingoni tu.

Fundi akainuka, akazunguka cherehani, akakaa, akainuka tena. Alifungua kopo la vifungo kutafuta uzi wa bluu, na mkono wake ukagusa barua ya nesi wa shule, iliyokunjwa mara nne. Aliijua kwa moyo. Sukari ya binti yako iko juu kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, njoo tuzungumze. Barua ilikuwa na wiki sita humo koponi. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na kila alipoishika ile karatasi aliuona mguu ule, akaikunja upya.

Alikata kipande kwenye kitambaa kipya, akakipachika ubavuni haraka haraka. Kitambaa kipya kilikuwa bluu iliyokolea. Sketi ilikuwa imefuliwa mpaka imepauka. Hata kipofu angeona.

"Mama, sketi yangu iko wapi?"

"Nainyoosha! Kunywa chai kwanza."

"Sina muda, pikipiki ishafika. Nitanunua biskuti shuleni."

Biskuti! Fundi alitaka kufoka, akajizuia. Nani alimfundisha biskuti? Si yeye mwenyewe, siku zile mtoto anatambaa chini ya cherehani na wateja wamejaa mlangoni? Biskuti mkono huu, soda mkono ule, baadaye na simu ya mama ili atulie. Barabara ikawa na magari mengi, mtoto akaanza kupanda pikipiki. Uwanja wa shule ukajengwa madarasa. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomkosesha raha Fundi asubuhi ile.

Saa nne alikuwa shuleni, futi ya kupimia shingoni, kopo la vifungo mkobani. Ilikuwa siku ya kupima sare mpya. Wasichana walipanga mstari, kiranja kaketi na daftari, na kwenye meza ya pili nesi alikuwa anawapima uzito. Fundi alizoea kazi hii, na mdomo wake uliizoea zaidi.

"Achia tumbo, we mtoto! Ukijibana leo, zipu itakuumbua kesho. Futi haina upendeleo."

Wasichana wakacheka. Akasoma kwa sauti, kiranja akaandika. Ishirini na sita. Ishirini na tisa. Thelathini na mbili, ya msichana mrefu, mwembamba wa mabega.

Kisha akasimama binti yake. Kile kipande cha bluu kilikuwa ubavuni pale, na mkono wa mtoto ulikuwa juu yake, umekifunika. Fundi akazungusha futi kiunoni. Ncha ilifika kwenye thelathini na tisa.

"Thelathini na mbili," akasema.

Kalamu ya kiranja haikushuka. Nyuma ya mstari mtu akaguna, mwingine akacheka puani.

"Fundi, thelathini na mbili si yangu?" aliuliza yule msichana mrefu, bila ubaya wowote, anashangaa tu.

Binti hakulia. Alitazama mbele. "Soma tena, mama."

"Nimesoma, mwanangu."

"Soma sawasawa."

Nesi alikuwa ameacha kazi yake. Fundi alitazama mlango, akatazama futi mkononi mwake. Miaka kumi na minane aliishika ile futi, na hajawahi kumdanganya mteja hata nusu inchi.

"Thelathini na tisa," akasema. Kiranja akaandika. Hakuna aliyecheka tena.

Mapumzikoni alimkuta binti kwenye chumba cha madaftari, amekaa juu ya boksi, anakikwangua kile kipande kwa ukucha.

"Umeifumua mara ngapi?"

"Nne."

"Wakiniita Bonge, nilikuwa naenda kujitazama kwenye kioo. Naona sketi ni ileile na inanitosha. Nikasema wana wivu, waongo. Nimegombana na rafiki yangu, mama, mpaka leo hatusemeshani. Kumbe mwongo yuko nyumbani."

Fundi alihisi maneno yale yanamchoma mpaka mifupani. Alifungua kopo, akatoa barua, akampa.

Binti aliisoma mara mbili. "Ya mwezi uliopita hii."

"Ndiyo."

"Nitakatwa mguu kama bibi?"

"Hapana!" Kisha akashusha sauti. "Sijui. Niliogopa kuuliza, ndiyo maana nikaificha. Nisamehe. Nesi bado yuko kwenye meza yake, twende tukamuulize."

"Tukamuulize sote?"

"Sote."

Binti akasimama, lakini hakwenda mlangoni. Alinyoosha mkono, akaivuta futi shingoni mwa mama yake.

"Wewe nani anakupimaga?"

Hakuna. Fundi alipima mji mzima, lakini nguo zake alizikata kwa kukisia, magauni mapana yasiyo na kiuno. Toka asubuhi mpaka jioni alikaa kwenye kiti kimoja, na zile biskuti hakuwa akimnunulia mtoto peke yake.

"Inua mikono," alisema binti.

Fundi akainua. Futi ikamzunguka, baridi juu ya gauni, na bila kujua akavuta pumzi, akajibana, akasimama wima, kama walivyofanya wote aliowapima asubuhi ile.

Binti akasubiri.

"Achia tumbo, mama."

Kengele ya kumaliza mapumziko ilikuwa inalia. Fundi akatoa pumzi polepole, futi ikateleza kati ya vidole vya binti, inchi moja, nyingine, na nyingine, na binti akainama kusoma.