Nani Alifungua Mlango wa Tatu

Sauti iliyotoka kwenye simu ya yule afisa ilikuwa yangu. Niliitambua kabla sijaelewa inasema nini, na vidole vyangu vikakwama kwenye nywele za mteja niliyekuwa namsuka. Afisa, mmoja wa wale walioushika mji wetu kwa bunduki, alikuwa amesimama mlangoni pa saluni yangu hapa mtaa wa Mabanga, askari wawili nyuma yake. Akainua simu juu ili tusikie vizuri.

"Mulume hakukufa," ilisema sauti yangu, kwa furaha ya mtu aliyeshiba. "Ule ufunguo hauko tena ku shingo yake, muangalie muzuri. Eko Himbi, anajificha mu tanki ya maji. Ni yeye njo alifungua mulango ya tatu, bale bakaingia. Na batarudia, munisikie!"

"Ni nani huyu anasema?" afisa aliuliza.

Mteja wangu alinyanyuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akapita ukutani mpaka nje bila kuaga. Sikumlaumu. Ningekuwa na njia ningemfuata.

"Ni mimi, chef," nilisema, nikashika kiti.

"Vizuri. Na Mulume ni huyu?"

Askari wakamsukuma mtu mbele. Alikuwa Muzee Mulumeoderhwa, jirani yangu wa nyuma ya saluni, karani mstaafu aliyehamia hapa na familia yake kutoka upande wa Bukavu zamani. Mikono ilikuwa imefungwa kamba. Kando yake alisimama Bashige, dereva wa pikipiki, rafiki yetu, mdomo umevimba. Bashige hakuniangalia. Nikajua simu ile ni ya nani, na kwamba walimsimamisha barabarani wakamwambia aifungue, kama wanavyofanya siku hizi kwa kila mtu anayepita.

Ninyi mnaosoma mmekaa vizuri mtacheka nikiwaeleza. Chekeni tu. Mulume ni mtu wa kwenye mchezo.

Ndugu yangu Baharanyi ana chumba cha michezo ya video, ukuta mmoja na saluni yangu. Skrini moja, mashine moja, batri ya gari. Mchezo uliotushika mwaka huu ni wa vita vya mbali huko, kwenye mji uliojengwa chini ya barafu, juu ya nyota nyingine. Wewe ni askari. Unaamka, mji umekwisha kuvamiwa na viumbe visivyo na macho, unachukua bunduki, unafyatua mpaka mwisho. Wengine hiyo inawatosha. Sisi hapana. Sisi tulitaka kujua nani aliyefungua mlango wa tatu, maana mlango ule unafunguliwa kwa ndani tu, na mchezo unakwisha bila kusema.

Mchezo wenyewe unaongea Kiingereza, na Kiingereza hakuna anayekijua kati yetu. Tulifuata nyuso na mwendo. Majina tuliyatoa wenyewe. Mtaa wa nyumba nzuri kando ya ziwa lililoganda tuliuita Himbi, kama ule wa matajiri wa hapa mjini kwetu. Mabweni yaliyobanana tuliyaita Mabanga, maana ndivyo mtaa wetu ulivyo. Na yule kamanda mwenye ufunguo shingoni, anayetembea kidevu juu na mkono mmoja umeshika kiuno, siku ya kwanza kabisa tulipomwona Bashige alipiga kelele: "Ni Muzee Mulume anaenda misa!" Tulicheka mpaka machozi. Jina likabaki. Muzee mwenyewe hakuambiwa, nani angethubutu?

Basi tukafungua grupu kwenye simu na kila mtu akaleta mawazo yake. Baharanyi alisema mlango ulifunguliwa na ile mashine inayotengeneza hewa, imechoka na watu. Bashige alishika kwamba ni askari yule yule unayemchezesha, ila amesahau. Mimi niliwaona wote wawili vipofu. Kamanda ana ufunguo kwenye filamu ya kwanza, vile vipande vya mchezo vinavyojicheza vyenyewe, kwenye ya pili shingo ni tupu. Maiti yake haionekani popote. Na kule Himbi kuna tanki moja la maji lenye taa inayowaka, wakati mji mzima uko gizani. Niambieni ni nani aliyemo! Nilituma sauti baada ya sauti. Nilikuwa na raha, nakiri, miezi ile ambayo raha nyingine haikuwepo.

Sasa raha yangu ilikuwa imemfunga mzee wa watu kamba.

"Ni jeu, chef, muchezo tu," nilisema. "Jeu ya video. Huyu muzee hata haijui. Mulume ni mutu wa mu écran, mu skrini ya ndugu yangu."

"Mutu wa mu écran anajificha Himbi?"

"Himbi ya mu écran."

Niliposikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu, mimi mwenyewe nisingeyaamini.

Afisa hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa mtu mpole wa sauti, ndevu zimenyolewa vizuri. "Kama ni jeu, nionyeshe ule mutu," alisema. "Kama haiko, mutaenda naye bote."

Tuliingia chumbani kwa Baharanyi. Ndugu yangu alikwisha kusikia kila kitu kupitia ukutani, uso wake ulikuwa wa majivu. Afisa akakaa kwenye kiti cha mbele. Muzee akaketishwa chini, karibu na miguu yake. Nje, dirishani, vichwa vya majirani vilianza kujazana, kisha askari mmoja akageuka kuvitazama vikatoweka, lakini nilijua wapo, wameinama tu chini ya dirisha.

Shida ilikuwa hii: kamanda yule haonekani ovyo. Ili umwone lazima uanze sura ya pili ya mchezo, upite njia ya mabomba, ndipo filamu ije. Baharanyi huipita njia ile huku anakula mahindi. Siku hiyo alikufa mlangoni. Akaanza tena, akafa. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa jasho, na ile taa ndogo ya batri ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu.

"Unacheza mubaya," afisa alisema.

"Ndiyo, chef."

"Wasema hii ni kazi yako?"

Niliomba. Sikuomba kwa utaratibu, nilikuwa nasema tu, Mama Maria, batri, Mama Maria, batri. Bashige akanyoosha mkono bila neno na kumnyang'anya ndugu yangu vile vidude vya kuchezea. Kwa ule mdomo uliovimba alipita mabomba yote kimya kimya, risasi hazipotei, mpaka filamu ikaingia.

Kamanda alitokea mwisho wa ukumbi. Kidevu juu, mkono kiunoni. Akatembea kuja kwetu.

Askari mmoja alicheka kwanza. "Lakini ni yeye! Ni ule muzee!" Mwenzake naye akaangua. Afisa alimtazama mtu wa kwenye skrini, akamtazama Muzee Mulumeoderhwa pale chini, ambaye alikuwa anajiona kwa mara ya kwanza akiwa na koti la chuma. Nilianza kupumua. Nilifikiri imekwisha, watafungua kamba, watatutukana, wataondoka.

"Kwa hiyo," afisa alisema, "nani alifungua mulango?"

Baharanyi aliinama kuangalia taa ya batri.

"Munajua jeu yote. Mulifanya grupe. Sasa nauliza, nani alifungua?"

"Jeu haisemi, chef," Baharanyi alisema.

"Haiwezekane." Alitugeukia na kiti chake. "Mimi nimeingia mu miji mingi. Mulango haijifungue. Kila mara iko mutu. Kila mara."

Watu ambao kwa miezi tulikuwa tunagombana usiku na mchana juu ya swali hilo, sasa hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema wazo lake. Mimi wazo langu nilikuwa nalo, na alikuwa amekwisha kulisikia kwenye simu. Ningelirudia, ningekuwa nimemnyooshea kidole mwenye sura ile mbele ya mtu ambaye hakuonekana kupenda sana kutofautisha mchezo na mtu. Kwa hiyo nililitupa. Nilitupa ufunguo, shingo, tanki, taa, vyote.

"Mulango ilikuwa ya zamani, chef. Iliharibika yenyewe. Mimi nilidanganya mu ile odio, nilitaka tu bacheke."

"Sasa unadanganya," alisema, kwa upole ule ule. "Mu telefone ulikuwa unasema kweli. Nilisikia sauti yako. Ulikuwa na hakika." Akaweka bastola yake juu ya meza, kando ya skrini, kama mtu anayetua simu ili aongee vizuri. "Nani?"

Bashige alianza kulia. Ndugu yangu aliniangalia, na machoni mwake niliona anachotaka nifanye, na niliona pia kwamba kama nisingefanya angefanya yeye. Jina la Muzee lilikuwa tayari mdomoni mwetu sote.

"Ni mimi," alisema Muzee Mulumeoderhwa.

Alisema kwa sauti kubwa, sauti ya karani aliyezoea kuita watu kwenye foleni. "Ni mimi nilifungua. Mulango ya tatu, kwa mukono yangu. Hawa batoto habajue kitu. Uandike ni mimi, ubaache."

Afisa alimwinamia. "Juu ya nini ulifungua, muzee?"

"Nilikuwa naogopa, chef. Njo ile tu."

Kisha afisa akacheka, cheko la kweli, akapiga goti lake. "Munaona? Muzee njo anajua kucheza." Aliwaambia askari wakate kamba. Halafu, kama mtu anayeokota kofia yake, akaamuru wachukue mashine, skrini na batri, maana alitaka kuimaliza mwenyewe. Wakaondoka. Simu ya Bashige pia ilienda.

Nilimwangukia Muzee miguuni. Aliniinua, akakung'uta suruali yake. "Charline, mutoto yangu," alisema, "mi natembea vile kweli?" Nikacheka huku nalia. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mzee yule jioni ile.

Asubuhi nilifungua saluni kama kawaida. Pascasie, anayeuza makaa ng'ambo ya barabara, alikuja moja kwa moja kwangu, mikono bado safi. Mume wake alipigwa risasi siku mji ulipochukuliwa, akiwa ametoka kutafuta maji, na tangu hapo Pascasie huongea kidogo.

"Nilikuwa chini ya dirisha," aliniambia. "Nilimusikia na masikio yangu."

"Ulisikia nini?"

"Ni yeye alifungua, bale bakaingia mu muji."

Nilimwambia hapana, Pascasie, ilikuwa jeu, mlango wa mu jeu, mji wa barafu, alisema vile ili kutuokoa. Nilieleza mbio mbio, nikaanza mwanzo, nikarudi nyuma, nikataja viumbe visivyo na macho. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenye wazimu. Yeye alikuwa anatikisa kichwa polepole, ndiyo, ndiyo, kama unavyomkubalia mtoto.

"Na bakamuachilia," alisema. "Mutu anasema ni yeye alifungua, na banakata kamba, banacheka naye. Unaona ile ni jeu?"

Nyuma yake barabarani vijana walikuwa wanakusanyika. Wengine niliwajua, shemeji zake, na wengine waliofiwa siku ile ile. Mmoja alishika nondo. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele, na mtaani kwetu vijana wakikusanyika kimya ujue jambo limekwisha kuamuliwa.

"Njoo nikuonyeshe," nilisema, nikamshika mkono, nikamvuta hadi mlangoni pa Baharanyi. "Njoo uone huyo Mulume mwenyewe, utamwona anatembea, utacheka."

Nilisukuma mlango. Meza ilikuwa tupu. Palikuwa na vumbi na alama ya mraba mahali skrini ilipokuwa.

Pascasie alichungulia ndani.

"Walichukua," nilisema. "Jana. Ulikuwepo, uliwaona wanabeba."

"Nilibaona," alisema.

Alitoa mkono wake kwenye mkono wangu, bila ukali. Akawageukia wale vijana.

"Nyumba ya nyuma," aliwaambia. "Mulango iko bleu."

Nilikimbia nikapita katikati yao, nao wakinifuata, nikiita jina la mzee kwa nguvu zangu zote, naye aliposikia ni sauti yangu akaja kunifungulia mlango.