Kidole cha Mama Shingo

Mama yeyote ambaye mwanawe anafanya kazi ya kompyuta, akiombwa kidole chake, na aulize kwanza kidole hicho kinakwenda kubonyeza nini. Akijibiwa nusu, asione haya kuuliza tena. Mama Shingo aliona haya, na yaliyomkuta ndiyo haya.

Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa mlangoni mwa chumba cha mbele, ikifuata mwanga, na juu ya mlango ilining'inia nguo moja tu, gauni la kuonyeshea wateja. Jina la Mama Shingo alipewa kwa sababu ya shingo ya gauni hilo. Zamani, alikuja kwake msichana aliyekaribia kuolewa, ameungua na maji ya moto tangu utotoni, kovu limeshuka kutoka sikioni mpaka kifuani. Washonaji wengine walimshauri avae mtandio. Mama Shingo akafukuza mawazo hayo, akakata, akafumua, akakata tena, mpaka akapata marinda membamba yaliyopandana kama magamba ya samaki, yakianzia bega la kushoto na kuzunguka mpaka kisogoni, na hakuna jicho lililoona uzi umepita wapi. Msichana alijitazama kwenye kioo akasahau kulia. Toka hapo watu walivuka mitaa kuifuata shingo ile. Ilijenga chumba cha pili. Ilimsomesha binti yake, mtoto wa pekee, kutoka darasa la kwanza mpaka chuo, wakati yeye mwenyewe aliishia la saba.

Kazi ya huyo binti ndiyo iliyomshinda kuieleza kwa majirani. Fundi viatu, aliyekaa barazani upande wa pili wa njia na mdomo wake usiojua kupumzika, alimuuliza kila wiki.

"Hivi bintiyo anafanya nini hasa huko ofisini?"

"Anachora kurasa za simu. Zile za kukubali masharti."

"Zile ambazo hakuna anayezisoma?"

"Ndizo."

"Basi ana raha. Ni mpishi wa chakula kisicholiwa. Nani atamwambia chumvi imezidi?"

Mama Shingo alicheka, lakini binti alipopelekewa mzaha huo alinuna.

"Mwambie mimi ndiye ninayetaka zisomwe," alisema. Kampuni yao ilikuwa na programu ya simu ya kuwakutanisha washonaji na wateja. Masharti ya zamani yalifichwa chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya kijivu, mtu anapita bila kujua amepita. Washonaji wakalalamika kwamba hawakukubali kitu, na kampuni ikashindwa mahakamani. Ndipo akaajiriwa yeye, achore ukurasa unaoeleweka kwa kila mtu na usioweza kukanwa mbele ya hakimu. "Sheria inataka mtu ayaone masharti, Mama, apate nafasi ya kuyasoma, halafu akubali kwa kidole chake mwenyewe. Kile kijisanduku tusimtilie tiki sisi. Na kitufe cha Nakubali kisiwake mpaka afike chini."

"Kama kupima gauni," alisema Mama Shingo. "Mtu hapimwi akiwa amekaa, lazima asimame mwenyewe."

"Haswa! Hilo nitalisema kwenye kikao."

Moyo wa Mama Shingo ulivimba. Tangu binti aanze kazi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza neno lake kutakiwa ofisini.

Baada ya hapo binti alikuwa akija kila Jumamosi na ukurasa mpya. Mama Shingo aliusogeza mbali, akaukaribisha, akakunja uso. "Herufi hizi ni za sisimizi," alisema, na wiki iliyofuata zilikuwa kubwa. "Hapa mmeandika sentensi, nimeanza kuisoma nikiwa na meno, nimemaliza kibogoyo," alisema, na wiki iliyofuata ilikatwa vipande vitatu. Alikuwa akiishusha miwani puani na kuchambua vifungu kama anavyochambua mshono wa mwanafunzi. Ukurasa ukanyooka, ukapendeza. Hata yeye aliuona ni mzuri, na alimwambia fundi viatu kwamba na yeye ana mkono wake humo.

Mwisho binti alikuja siku ya kazi, amebeba kifaa cha kusimamishia simu, akiwa na haraka.

"Leo tunarekodi, Mama. Mwanasheria wetu anataka ushahidi kwamba mtu wa kawaida, aliyeishia shule ya msingi, anaelewa bila kusaidiwa."

"Mtu wa kawaida ndiye mimi?"

"Mama, usinianze."

"Sijakuanza. Nauliza ili nijue nikae vipi."

Binti alikuwa ameshamsajili kwenye programu, kwa simu na namba ya Mama Shingo mwenyewe, na picha ya gauni la mlangoni akaiweka humo pamoja na picha za karatasi za kukatia shingo. Ukurasa mtupu usingependeza kwenye video, alisema. Mama Shingo akasoma polepole, kama alivyozoea kila Jumamosi. Akafika kifungu cha sita, ambacho Jumamosi zote hakikuwamo, akarudi nyuma, akakisoma tena kwa sauti.

"'Mtindo utakaouweka humu utakuwa wa kampuni peke yake, na hutautumia mahali pengine.' Maana yake nini hii? Sishoni tena shingo yangu?"

Binti alikuwa anahangaika na kifaa kinachoteleza juu ya meza. "Ah, Mama. Hayo ni maneno ya wanasheria, yako kila mahali. Mimi nachora mlango tu, vya ndani wanaweka wao. Wewe niambie kama yanasomeka."

"Yanasomeka."

"Basi. Wananisubiri, Mama yangu. Tafadhali."

Na yeye, mwanamke aliyewahi kumrudisha bibi harusi mara nne kwa sababu ya pindo, akanyamaza. Aliogopa kuonekana mjinga mbele ya mtoto aliyemsomesha. Hapo ndipo penyewe, wazazi wenzangu. Aliijua maana ya kile alichokisoma, akaiacha kwa kuwa mwanawe alikuwa na haraka.

Kamera ikawashwa. Mama Shingo alishuka mpaka chini, kitufe kikawaka kijani, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu.

"Kastabini, Mama," binti alinong'ona. Kile kikofia cha chuma kilikuwa bado kidoleni, kinachokinga kidole na sindano kilikinga na simu pia. Binti akazima kamera, akaja, akamvua kastabini kwa mkono wake, kwa upole, kama mtu anayemvua mwenziwe pete. Akaiwasha tena kamera. Akauliza, "Mama, umesoma yote na umeelewa?"

"Nimeelewa."

Na kidole kitupu kikabonyeza.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja mteja wake wa miaka mingi aliingia na mfuko, akatoa gauni, akalitandaza juu ya cherehani. Marinda yalipandana kama magamba, bega la kushoto mpaka kisogoni. Uzi ulionekana, tena vibaya, lakini shingo ilikuwa ile ile.

"Nilidhani umefungua kiwanda kimyakimya," mteja alisema. "Yamejaa dukani, kila rangi. Nikasema, Mama Shingo huyo, ametuacha mbali!"

Mama Shingo aligeuza gauni ndani nje, akaona hata lile kosa dogo alilolizoea, rinda la tatu kuwa jembamba kuliko wenzake, limenakiliwa. Kwake lilitokana na mkasi wake wa kwanza, uliokuwa butu. Kwao lilitokana na nini?

Alilalamika kwenye programu ya kampuni, maana ni huko tu picha ya shingo yake ilikowekwa. Jibu lilikuja kwa adabu nyingi: ashushe gauni la mlangoni, na aache kushona mtindo huo kwa mteja yeyote, kwa mujibu wa kifungu cha sita. Alimpigia binti.

"Mama, nitazungumza nao," binti alisema.

Alizungumza nao au hakuzungumza, Mama Shingo hakuambiwa. Aliitwa mbele ya msuluhishi, bibi wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyechoka kusikia ugomvi. Chumba kilikuwa na meza ndefu. Upande mmoja alikaa Mama Shingo na gauni lake kwenye mfuko. Upande wa pili alikaa mwanasheria wa kampuni, na pembeni yake, kama mchoraji wa ukurasa, binti.

"Shikamoo, Mama," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu." Meza ilikuwa pana kuliko alivyoitarajia.

Mwanasheria hakugomba wala kupaza sauti. Alionyesha herufi kubwa, sentensi fupi, kijisanduku kisichotiwa tiki, kitufe kinachosubiri. Yote aliyoyadai Mama Shingo Jumamosi hadi Jumamosi yalikuwa pale, yamepangwa dhidi yake. Kisha akaonyesha video. Sauti ya binti ikauliza. Sauti yake mwenyewe ikajibu: "Nimeelewa."

Msuluhishi alimgeukia. "Mama, nina swali moja, ujibu bila hofu. Ukurasa ni mzuri, sijawahi kuona ulio wazi kama huu. Lakini kama kuna mtu wa kampuni aliyekwambia kabla ya hapo kwamba maneno haya hayana uzito, basi makubaliano haya nayavunja leo, na mtu huyo ataulizwa. Yupo?"

Mwanasheria akamtazama binti. Binti akatazama meza.

Mama Shingo alingoja. Alimpa nafasi, kama alivyokuwa akimpa alipokuwa mdogo amevunja kikombe, ukimya wa kutosha mtoto kusema mwenyewe. Aliona shingo ya binti inavyopanda na kushuka akimeza mate. Aliona beji ya kazi, mpya, yenye picha anayotabasamu. Sema, mwanangu, alimwambia kimoyomoyo. Sema, nami nitakushika mkono tutoke wote. Binti alichukua kalamu, akaiweka.

"Mama?" msuluhishi aliuliza.

"Hayupo," alisema Mama Shingo. "Nilisoma mwenyewe."

Nje, kwenye korido, binti alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. "Mama, wangenifukuza. Unajua, eeh? Wangenifukuza."

"Najua. Kwani kwa nini nimesema vile?"

"Nitakulipa hili, Mama."

"Usinilipe. Ungesema tu."

Gauni alilishusha siku hiyohiyo. Mlango ukabaki na msumari. Fundi viatu, ambaye siku nyingine angetoa neno, aliona msumari ule akainamia kiatu chake. Wateja wakija kutaka shingo, Mama Shingo huwaelekeza dukani, na wakishakwenda hukaa muda mrefu bila kukanyaga. Sasa anapunguza suruali na kubadilisha zipu. Jina wanaendelea kumwita, hajui hadi lini.

Binti alipandishwa cheo. Ukurasa ule, alieleza, sasa ni mfano kwa kampuni nyingine. Akaja Jumamosi moja na mikate na matunda, akakaa, akasifia mwanga wa chumba, kisha akatoa simu.

"Mama, tuna toleo jipya. Kifungu cha sita tumekiandika kwa herufi nzito, na kina rangi yake. Kwa ajili yako nimepigania hilo. Nijaribie, dakika moja tu."

"Kifungu chenyewe mmekitoa?"

"Kukitoa si kazi yangu, Mama. Lakini sasa kinaonekana vizuri zaidi."

Mama Shingo alivaa miwani. Alisoma toka juu mpaka chini, kila neno, akiitikia kwa kichwa palipoandikwa vizuri, maana kazi nzuri ni kazi nzuri. Kitufe kikawaka kijani. Akainua kidole, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na sauti ya chuma kwenye kioo ikasikika chumba kizima.

"Kastabini, Mama," binti alisema, akicheka, akanyoosha mkono kumvua.

Mama Shingo alikunja ngumi.

"Mama! Bonyeza basi."

"Si nabonyeza," alisema, akainua tena kidole chenye chuma, akagonga, na kugonga, na kugonga, mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe.